Shimo halijui kalenda ya shule

Shule zimefunga. Pale Kadutu, Panzi na Essence vijana wanahesabiana: nani anaenda Kamituga, nani Luhwindja, nani Nzibira. Wanaenda kwa kikundi, wanne au watano, marafiki wa kalasi moja. Mmoja ana kaka kule, mwingine ana mjomba mwenye shimo. Wanabeba godoro moja, sufuria moja, unga, na simu yenye muziki. Kwa mama wanasema: «Tunaenda vakansi, tutarudi na minerval.»

Kila mwaka tunasikia watu wakisema kwenye redio: wazazi, katazeni. Wazazi wanakataza, na watoto wanaenda. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, sawa, lakini sekondari bado inalipwa. Mzazi mwenye watoto watatu sekondari hawezi kumwambia kijana mwenye nguvu akae nyumbani miezi miwili akitazama mabati. Kwa hiyo sisi wa sendika hatutaandika hapa kwamba vijana wasitembee. Tunaandika juu ya shimo.

Tena tuseme ukweli, si makuta peke yake yanayowavuta. Sisi wengi tulianza vilevile. Kupanda juu ya Fuso usiku, kukaa juu ya mifuko ya simenti mkijifunika hema, kushuka kusukuma gari kwenye matope kabla ya Mwenga, kuoga mtoni asubuhi, kulala watano chini ya bashi moja huku mvua inapiga. Kijana aliyezaliwa mjini anaona pori kwa mara ya kwanza. Anajifunza kupika, kugawana sahani, kumbeba mwenzake mwenye homa. Wale wanaosema kutoka ofisini kwamba hawa ni wahuni tu, hawajawahi kukaa kwenye moto wa kare saa tatu usiku na kusikia vile watu wanacheka pale. Hiyo furaha hatutaki kumnyima mtu.

Lakini hesabu ya shimo tunaijua sisi, na vijana hawaijui.

Shimo la dhahabu halilipi kwa siku. Lina PDG anayetoa chakula, mbao, mafuta ya pompa na vifaa. Watu wanachimba, boiseur anaweka miti, pelleteur anatoa udongo, na kazi hii inaweza kuendelea miezi mingi bila gramu moja, mpaka mfikie filoni. Siku filoni inapatikana, gharama zote za PDG zinatoka kwanza. Kiisha ndipo mifuko ya mawe inagawanywa, na hata hapo mfuko si pesa bado. Unaupeleka kwa mama twangaise au kwenye mashine, unalipa, unaosha, unapima, unauza kwa négociant ambaye mizani ni yake. Kila hatua inakata kidogo.

Sasa weka vakansi ndani ya hesabu hiyo. Kuanzia mwanzo wa Julai mpaka mwanzo wa Septemba, wakati wa kurudi shule, ni wiki nane na kitu. Toa siku za njia. Toa wiki ya malaria, juu karibu kila anayetoka Bukavu, kwenye baridi ya milima, anaipata akishuka kwenye joto la Kamituga. Zinabaki labda wiki sita. Mwanafunzi anaingia kwenye timu ambayo bado iko kwenye udongo mtupu, anachimba wiki sita, na siku ya kuondoka timu haijafika kwenye filoni. Anadai nini? Hakuna cha kudai. Alikula kila siku, wanamwambia, na chakula ndicho kilikuwa malipo. Na kuna wengine wanamwambia vizuri zaidi: «Ngoja kidogo, masta, tumekaribia.» Anangoja Septemba. Anangoja Oktoba. Hapo shule imemwacha, na aibu ya kurudi mikono mitupu inamshika mguu. Wachimbaji wengi wa umri wetu, ukiwauliza waliingiaje kwenye kazi hii, watakuambia: nilikuja vakansi.

Hatusemi kwamba ma-PDG wote ni waongo. Wengi wao nao wako kwenye deni mpaka shingoni, na shimo likikosa wanapoteza nyumba. Tunasema tu kwamba shimo lina muda wake na shule ina muda wake, na anayepotea katikati ni mwanafunzi.

Septemba ni mwezi mbaya pia kwa sababu nyingine. Kiangazi kinaisha, mvua inarudi, na udongo uliokauka na kupasuka unaanza kunywa maji. Tarehe 11 Septemba 2020, pale Detroit, Kamituga, ilikuwa hivyo: mvua kubwa, mto ukajaa, maji yakaingia kwenye mashimo. Siku ile ilihofiwa kuwa watu zaidi ya 50 walikuwa chini, na wengi walikuwa vijana. Mwaka ule korona ilikuwa imevuruga shule, rentrée ikasogezwa mpaka Oktoba. Vijana waliotakiwa kuwa kwenye madawati walikuwa bado kwenye kare. Hatuna haja ya kueleza vile mama walikaa pale juu ya udongo wakingoja. Familia nyingi zinazosoma gazeti hili zilikuwepo.

Juu ya watoto, hapa hatujadiliani. Sheria ya 2009 inasema mtoto ni yule ambaye hajafikisha miaka 18, na Kodi ya Madini, ile ya 2002 iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inataka mchimbaji awe mtu mzima, mwenye karte, na mwanachama wa kooperative. Kijana wa miaka 15 hana karte, kwa hiyo akifa hana jina. Kuna mambo ambayo yanatugusa sisi wote mfukoni pia. Kwenye kassiterite na koltani, tangu ufuatiliaji wa madini ulipoanza Kalimbi, Nyabibwe, mwaka 2012, machimbo yanapewa rangi. Kijani inauza. Nyekundu haiuzi. Wakaguzi wakikuta watoto wanafanya kazi, kare inaweza kuwa nyekundu, na hapo baba, mama twangaise, mwenye restora na mbeba mizigo wote wanakosa soko. Yule PDG anayesema «namsaidia tu mtoto wa ndugu yangu» anacheza na chakula cha kijiji kizima.

Wasichana nao wanaenda, ingawa watu hawapendi kusema. Wanaambiwa wataosha vyombo kwenye restora au kuuza vinywaji. Wengine wanafanya hivyo kweli na wanarudi salama. Wengine mshahara unageuka kuwa deni la kulala, na bosi anataka deni lilipwe kwa njia nyingine. Mwaka 2023 ugonjwa wa mpox uliingia Kamituga, na wasichana wa kwenye baa walikuwa kati ya wa kwanza walioumia. Mama, kabla ya kumwacha binti aende, uliza ni nyumba ya nani, na umpigie mwenye nyumba mwenyewe. Akikosa kujibu, binti abaki.

Vijana wa Ulaya nao wana vakansi za namna hii. Australia tangu 1975 inatoa viza kwa vijana waje kutembea na kuvuna matunda, wapate nauli ya kuendelea na safari. Ufaransa, wanafunzi wanavuna zabibu kila Septemba kwa mkataba ambao hauzidi mwezi mmoja kwa mara moja: siku ya kuanza imeandikwa, siku ya kumaliza imeandikwa, malipo yameandikwa. Si paradiso. Mwaka 2023, kule Champagne wavunaji kadhaa walikufa wakati wa joto kali, na uchunguzi ukafunguliwa. (Watu wetu wanaofungua chupa hizo kwenye harusi pale Nguba wafikirie kidogo.) Lakini ona tofauti: mtu akifa kule, kuna karatasi inayosema alikuwa kazini kwa nani. Kwetu, wakati mwingine hata jina la ukoo hatulijui. Tunamwita «Bukavu» tu, kwa sababu alitoka Bukavu.

Kazi za kiangazi ziko nyingine, na hazihitaji kushuka. Huu ndio wakati wa matofali: hakuna mvua, watu wanajenga, na anayebumba analipwa kwa idadi. Huu ndio wakati wa kulima vinamasi vya Kabare na Walungu, ile saison C, na wenye mashamba wanatafuta mikono. Idjwi kuna mananasi ya kubeba mpaka bandarini, na kwa anayependa safari, boti ya ziwani ni safari vilevile. Sambaza zinavuliwa usiku, na wavuvi wanaimba wakipiga kasia. Kijana aliyekaa na wavuvi wiki moja ana hadithi za mwaka mzima. Upande wa Numbi na Nyabibwe mwacheni kwanza, vita ilifika karibu na Minova mwaka 2024. Kazi hizi hazitamfanya mtu tajiri. Lakini zinalipa kwa siku au kwa wiki, na Agosti ikiisha makuta yako mkononi.

Kwa wale wenye miaka 18 ambao wataenda kare hata hivyo, na tunajua wataenda, tunawaomba ma-PDG na kooperative mambo machache tu. Mwanafunzi afanye kazi ya juu: kubeba, kupanga mifuko, kuteka maji, kuandika daftari la shimo, kwani wengi wao wanaandika vizuri kuliko sisi. Asiwekwe chini ya ardhi kwa wiki sita halafu aitwe mzoefu. Alipwe kwa siku, bei ikubaliwe mbele ya watu wawili kabla ya kuanza, wala asiingizwe kwenye mgawo wa filoni ambayo hataiona. Jina lake kamili na simu ya mzazi viandikwe. Sheria inakataza kupita mita 30 chini, na sisi tunajua mashimo yanayopita. Basi mgeni asitumwe huko hata siku moja, hata kupeleka chakula.

Tarehe 25 Agosti kila mwanafunzi aachiliwe. Asiambiwe «tumekaribia».

Na wazazi, nauli ya kurudi msimpe mtoto. Itaisha kwenye biskuti na kadi za simu kabla hajafika Mwenga. Iacheni Bukavu, kwa mama, imefungwa kwenye kitambaa. Siku atakayopiga na kusema amechoka, au ameona kitu kisichofaa, mama aitume kwa M-Pesa siku ileile, bila kumwuliza amepata ngapi.