Pikipiki Haiwaki, Nani Kaacha Swichi?

Mwezi huu tuache kwanza habari za simu ya nani imepekuliwa na nani. Tuongelee kitu kingine kinachogombanisha watu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mmoja kashika helmeti, mwingine kashika mkoba wa ofisini: betri ya pikipiki.

Picha yenyewe unaijua. Jana jioni chombo kiliwaka vizuri tu. Asubuhi ukibonyeza kitufe kinatoa mlio wa tek-tek, taa ya dashibodi inafifia, basi. Baba anasema, "Uliacha swichi jana ulipotoka dukani." Mama anajibu, "Mimi? Si wewe uliyekaa unachajia simu pale?" Kiki inapigwa kwa hasira, kazini mnachelewa, na wikiendi hela ya gesi inakwenda kununua betri mpya. Wiki ya tatu tek-tek inarudi, na yale maneno yanarudi na riba.

Jamani, tuelewane. Betri mpya si tiba ya kila betri iliyokufa. Msinunue, na msinuniane, kabla hamjapima.

Watuhumiwa ni watatu tu

Betri isiyokaa na chaji inafanana sana na pesa ya nyumbani isiyofika mwisho wa mwezi. Ama mfuko wenyewe umetoboka, ama mshahara hauingii, ama kuna mtu anachota kimya kimya usiku. Kwenye pikipiki ni hivi: betri yenyewe haitunzi chaji, au mfumo wa kuchaji haujazi, au kuna kitu kinanyonya umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Ukibadilisha betri wakati kosa ni la mtuhumiwa wa pili au wa tatu, umenunua mfuko mpya halafu mwizi ukamwachia ufunguo.

Kifaa cha kumjua mkosaji ni mita ya kupimia umeme, ile ya namba wanayotumia mafundi redio. Mita ya kawaida ni rahisi kuliko betri moja, na itakaa ndani miaka. Igeuze kwenye volti za DC, alama ya 20. Waya mwekundu gusisha chanya ya betri, mweusi hasi. Ukiweza kusoma salio la simu, hii nayo unaiweza, uwe mwanamke au mwanaume.

Kabla ya kushika chochote, sheria tatu. Ya kwanza, vua pete ya ndoa. Usinielewe vibaya, ni kwa kazi hii tu: pete ikigusa chanya huku ikigusa bodi ya chuma, inapata moto ghafla na kidole kinaungua. Ya pili, ukifungua betri anza na waya wa hasi, ukifunga malizia na hasi. Ya tatu, sigara na kiberiti mbali, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na hiyo hulipuka.

Usiku wa kwanza, usiku wa pili

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja hutoa kama volti 2.1. Ndiyo maana betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikisoma 12.0 imebaki kama robo. Msikariri, ziandikeni nyuma ya kalenda.

Sasa mchezo wenyewe. Anzeni na betri iliyochajiwa ikajaa. Mkirudi jioni, baada ya safari ya nusu saa au zaidi, zimeni na muiache ipumzike saa moja au mbili. Pimeni, andikeni. Asubuhi kabla ya kugusa swichi pimeni tena, andikeni. Huo ni usiku wa kwanza.

Usiku wa pili fanyeni vilevile, ila baada ya kipimo cha jioni chomoeni waya wa hasi betri ilale peke yake. Asubuhi pimeni kabla ya kurudisha.

Majibu yanasomwa hivi. Kama mlirudi kutoka safari ndefu na jioni ileile inasoma 12.2 au chini, shaka inahamia kwenye mfumo wa kuchaji: mshahara hauingii. Kama jioni ni 12.7 na asubuhi ni 12.0 siku zote mbili, hata ilipolala peke yake, basi betri yenyewe imechoka: mfuko umetoboka. Na kama usiku wa kwanza ilishuka lakini usiku wa pili ilibaki palepale, betri ni nzima, kuna mwizi kwenye nyaya. Kushuka kidogo, tuseme kutoka 12.7 kwenda 12.6, ni kawaida, msishtuke.

Kuna na kipimo cha watu wawili, na hapa ndipo raha ya kuwa na mwenzako. Mmoja abonyeze kitufe cha stata, mwingine aangalie mita. Betri nzima itashuka kidogo lakini haitakiwi kuporomoka chini ya volti 10 hivi. Ikiporomoka huku mwanzo ilisoma 12.6, ina volti ya maonyesho lakini nguvu haina. Kama volti hazishuki kabisa na stata haizunguki, msiisingizie betri. Angalieni vichwa vya betri vilivyolegea au vyenye unga mweupe, waya wa ethi, au rilei ya stata.

Na betri iliyochajiwa usiku kucha ikagoma kwenye 10.5? Chumba kimoja kimekufa. Hiyo haina dawa, kanunueni nyingine.

Pikipiki ikiwa inaunguruma

Sasa tumpime mtuhumiwa wa pili. Washeni pikipiki, ipate moto, washeni taa kubwa, kisha mmoja apandishe mafuta mpaka mizunguko kama 4,000 au 5,000 kwa dakika. Mwenzake asome mita kwenye betri. Kwa pikipiki nyingi jibu zuri ni kati ya 13.5 na 14.8. Ikiwa sailensa inaimba polepole tu, namba inaweza kuwa chini ya hapo. Hilo si kosa.

Ikibaki 12 na kitu hata ukipandisha mafuta, au ikashuka, betri haichajiwi. Kabla ya kununua kifaa, fuata nyaya. Mara nyingi ni soketi iliyoungua na kugeuka rangi ya kahawia, fyuzi iliyolegea, au waya wa ethi wenye kutu. Hapo pakiwa salama, aliyebaki ni koili ya kuchajia, iliyoko upande wa injini, au regyuleta, kile kidude chenye mapezi ya bati kinachogeuza umeme wa koili uwe wa kufaa betri na kuuzuia usizidi.

Ikipita 15, hapo ni kinyume chake: regyuleta imekufa na betri inapikwa. Dalili ni maji kukauka haraka, betri kuvimba, na balbu kuungua mara kwa mara. Mkiweka betri mpya hapo, nayo itachemshwa.

Onyo moja. Kuna fundi wa pembeni ya barabara atakayechomoa waya wa betri pikipiki ikiwa inaunguruma, "tuone kama inachaji." Mzuie kwa heshima: "Fundi, naomba tupime na mita." Ukichomoa betri injini ikizunguka, volti zinaweza kuruka juu ghafla zikaua regyuleta, na kwenye pikipiki za kisasa zikaua hata kompyuta ya injini. Tatizo la soketi ya buku mbili linageuka la kukopa.

Mwizi wa usiku

Kwa mtuhumiwa wa tatu, zima swichi, chomoa waya wa hasi, kisha weka mita katikati ya waya huo na kichwa cha hasi cha betri. Mita iwe kwenye ampea, na waya wake mwekundu uwe kwenye tundu la ampea 10. Ukiwa hivyo usiwashe swichi wala kubonyeza stata, utaunguza fyuzi ya mita. Pikipiki isiyo na mapambo inatakiwa kunyonya karibu na sifuri. Ukikuta miliampea 50, piga hesabu: betri ndogo ya ampea-saa 5 inaisha kabisa ndani ya saa 100, yaani siku nne na kidogo, na stata itagoma mapema zaidi. Ndiyo maana watu hulalamika, "Ikilala wikiendi, Jumatatu haiwaki."

Ukishaiona namba, chomoa kimoja kimoja: alamu, chaja ya simu, redio, zile spoti za mbele, taa za disko za chini. Namba ikianguka, umemkamata. Mara nyingi kosa ni la aliyefunga: kachukua umeme moja kwa moja kwenye betri badala ya kuupitisha kwenye swichi.

Na hapa nizungumze na wapendanao kidogo. Baadhi ya pikipiki za mkopo huwa na kifaa cha kufuatilia kilichofungwa na mwenye mkopo. Hicho usikikate. Rudi kwake, mwambie kinamaliza betri, wakirekebishe au wakikague. Lakini wapo pia wanaomfungia mwenzao kifaa kama hicho kimya kimya, wajue kapita wapi. Basi jua kwamba betri haijui kutunza siri. Siku itakapopimwa kitaonekana, na mazungumzo mtakayokuwa nayo hapo uani yatakuwa marefu kuliko yale uliyoyakwepa. Kama kuna jambo la kuuliza, uliza mdomoni.

Hata swichi nayo ipimeni kwa hesabu badala ya maneno. Pikipiki zenye alama ya P kwenye swichi huacha taa ndogo zikiwaka ufunguo ukiwa umetolewa. Taa mbili za wati 5 hunyonya kama ampea 0.8, kwa hiyo betri hiyohiyo ndogo inakauka kwa saa sita hivi. Kwa maana hiyo aliyeegesha jana anaweza kweli kuwa amesahau. Ila ikiwa inakufa kila wiki na P imeangaliwa, acheni kulaumiana, mwizi ni mwingine.

Mkifika dukani

Tuseme vipimo vimesema betri ndiyo mbovu. Betri nyingi za kumwagia asidi huhitaji kuchajiwa kwanza kabla ya kazi. Muuzaji akimimina asidi na kukufungia palepale, betri inaanza maisha na njaa, na haitashiba vizuri tena. Subiri, ichajiwe. Chaji yake iwe ya polepole, karibu sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya ampea-saa 5 ichajiwe kwa nusu ampea. Chaja kubwa ya magari inaweza kuipika.

Kama ni ya kuongeza maji, ongeza maji yaliyosafishwa ya betri, sio asidi na sio ya bomba, mpaka katikati ya mistari miwili. Iliyofungwa kabisa usiifungue. Na betri tupu usiiache stoo mwezi mzima: bamba za risasi ndani huota fuwele ngumu za salfeti, na baadaye haikubali chaji.

Mwisho, angalieni na safari zenu. Kutoka Sinza kwenda Mwenge na kurudi, kila kituo unazima na kuwasha kwa stata, taa kubwa inawaka kwenye foleni: betri inatoa kuliko inavyopokea. Pigeni kiki mara mojamoja, au muichaji nyumbani mara moja kwa mwezi.

Wenye kusema "mimi nina kiki, haya hayanihusu" nao wasikilize. Kwenye pikipiki nyingi taa ya breki, indiketa na honi vinategemea betri hiyohiyo. Usiku, lori likiwa nyuma yenu na mama watoto kapakia, taa ya breki iliyofifia sio ishu ya kuchelewa kazini tena.

Kwa hiyo wiki hii tafuteni mita, kalamu na usiku mbili. Karatasi yenye namba nne mkimpelekea fundi, hataanza kubahatisha kwa pesa zenu, na nyumbani hakuna atakayepandishiwa sauti kwa kosa la regyuleta. Hela ya betri mliyookoa, nendeni nayo Coco Beach jioni mkale mihogo.

Tukutane mwezi ujao. Na swichi, mwangalie wote wawili!