Halikuwashwa au Halijawashwa? Kiswahili na Usanidi wa Kiini cha Linux

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili katika sayansi na teknolojia aghalabu huishia kwenye msamiati. Huulizwa iwapo kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi, orodha ya istilahi huandaliwa, kisha wasomi hutawanyika wakiamini kwamba kazi imekamilika. Ilhali lugha ya kitaaluma hupimwa kwa jambo zito zaidi: je, inaweza kumweleza mtu jinsi kitu kinavyofanya kazi hadi aweze kukitenda mwenyewe? Kusanidi kiini cha Linux kwa mkono ni mtihani mzuri wa swali hilo.

Kiini ni ile sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayosimama baina ya programu na maunzi. Tangu Linus Torvalds alipoutangaza mradi wake mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, kiini cha Linux kimekua hadi kuwa na machaguo zaidi ya 10,000: aina za diski, kadi za mtandao, mifumo ya faili na mengineyo. Mengi hupewa jibu moja kati ya matatu. Jibu la y huliingiza chaguo ndani ya kiini. M huliunda kama moduli ya kuitwa baadaye. N huliacha nje. Machaguo haya hayajitegemei. Tangu mwaka 2002 mahusiano yao huandikwa kwa lugha ndogo iitwayo Kconfig, ambayo haipaswi kumtisha mwanafunzi wa isimu, kwani ni sarufi ya upatanisho. Jinsi nomino inavyotawala kiambishi cha kitenzi, ndivyo chaguo moja linavyotawala jingine.

Hapa ndipo orodha ya istilahi inapokwama. Kconfig ina amri mbili zinazohusiana, depends on na select. Mfasiri wa neno kwa neno ataandika 'tegemea' na 'teua', kisha apumzike, na msomaji wake atabaki gizani. Amri ya kwanza ina maana kwamba chaguo halitajitokeza hata kwenye menyu mpaka lile linalotegemewa liwashwe. Ya pili ina maana kwamba kuwashwa kwa chaguo moja hulazimisha jingine liwake, bila kuuliza kama masharti ya hilo la pili yametimia. Ndiyo sababu maelezo rasmi ya Kconfig yenyewe huwaonya waundaji waitumie kwa uangalifu. Neno 'teua' linadanganya, kwa kuwa hapo hakuna uteuzi wowote. Mnyambuliko unatoa jawabu bora: chaguo hili humngoja mwenzake, lile humwashisha.

Mfano wa pili ni mtamu zaidi. Majibu yote huhifadhiwa katika faili iitwayo .config. Chaguo lililokataliwa huandikwa kwa mstari unaoanza kwa alama ya # na kuishia kwa maneno is not set. Kwa desturi alama hiyo huashiria maelezo ambayo mashine huyapuuza, lakini hapa mashine huyasoma! Mstari huo ni uamuzi: mwenye mtambo amesema hapana. Iwapo mstari haupo kabisa, ilhali masharti ya chaguo yametimia, hakuna uamuzi uliofanywa, na amri ya make oldconfig itauliza. Maneno hayo ya Kiingereza hayamsaidii msomaji kuzitenganisha hali hizi mbili. Kiswahili kinazitenganisha bila jasho: la kwanza halikuwashwa, la pili halijawashwa. Kiambishi -ja-, ambacho kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukichambua darasani, kinabeba hapa kazi ya aya nzima.

Mitego mingine huhitaji masimulizi tu. Anayeongeza mstari kwa mkono ndani ya faili hiyo, huku sharti lake halijatimia, ataukuta umefutwa kimyakimya baada ya kuendesha amri ile. Naye anayeujibu mfumo wa faili wa diski yake kuu kwa m, bila kuandaa faili ya muda ya kuanzia, huishia na mtambo usioamka: moduli ya kuisomea diski imehifadhiwa ndani ya diski ileile.

Wapo watakaosema kwamba watumiaji wengi hupokea kiini kilichokwisha kuundwa, na kwamba wachache wanaokiunda wanajua Kiingereza. Dai la kwanza ni kweli. La pili linachanganya kujua lugha na kuelewa jambo. Hata wenye Kiingereza chao hujikwaa kwenye mstari ule wa #.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, hatua iliyostahili pongezi. Hata hivyo, kutafsiri menyu ni jambo moja na kueleza utendaji ni jingine. Ndani ya hifadhi ya msimbo wa Linux mna maelezo yaliyofasiriwa kwa Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo. Maelezo ya Kconfig si kitabu kizima. Mwanafunzi wa isimu na mwenzake wa sayansi ya tarakilishi wakiketi pamoja, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, rasimu yaweza kuwa tayari kabla ya muhula kwisha.