Jina Halipandi Mlima

Msomaji, wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hilo lilikuwa kweli katika soko la zamani, ambako mnunuzi alikipapasa kitu kwa mkono wake kabla ya kutoa fedha. Katika soko la leo kizuri na kibaya vyote hutembezwa, na mtembezaji wao ni jina. Nataka kusema nawe juu ya majina ya motokaa za spoti, yaani zile zilizoundwa kwa kasi kuliko kwa kubeba mizigo. Nataka pia tukatae pamoja uwongo mmoja uliovikwa kanzu ya heshima: kwamba vitu vyenye jina moja ni kitu kimoja, na kwamba neno lililobandikwa nyuma ya motokaa ni ushahidi wa kilichomo ndani yake.

Tutwae mfano mmoja mashuhuri, motokaa ya Kijerumani iitwayo Porsche 911. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Frankfurt mwaka 1963 haikuitwa hivyo, iliitwa 901. Kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ikadai kwamba majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni haki yake, na mwaka 1964 Wajerumani wakaiondoa sifuri wakaweka moja. Basi tangu uchanga wake jina hili halikuwa kipimo cha nguvu wala cha ukubwa. Lilikuwa matokeo ya ugomvi wa tarakimu.

Laiti mambo yangekomea hapo! Jina la 911 limetumika kwa miaka zaidi ya 60, na chini ya kivuli chake vimepita vizazi kadhaa. Wajuzi huvitambua kwa nambari za kiwandani: 964 cha mwaka 1989, kisha 993, kisha 996 cha mwaka 1997, 997 cha mwaka 2004, 991 cha mwaka 2011, na 992 cha mwaka 2018. Utazame vema mfuatano huo. Baada ya 997 haikuja 998, ilikuja 991. Kijana ajuaye hesabu akizikuta 997 na 991 zimesimama pamoja ataapa kwamba 997 ndiyo mpya, naye atakosea kwa sababu amehesabu sawasawa. Ni mpango gani huu unaomwadhibu mwenye kufikiri na kumtuza mwenye kukariri?

Wala tofauti ya vizazi hivyo si ya rangi na taa peke yake. Tangu mwanzo hata mwisho wa 993 injini ilipozwa kwa hewa. Tangu 996 hupozwa kwa maji. Mtu akikwambia, "Nina 911," hajakwambia hata kama motokaa yake ina rejeta ya maji. Amekutajia ukoo, hakukutajia mtu.

Lakini kosa kubwa zaidi limo katika neno "Turbo". Turbo ni chombo kizungushwacho kwa moshi utokao katika injini, nacho huisukumia injini hiyo hewa nyingi ili iongeze nguvu. Mwaka 1975 kampuni hiyo ilipouza 911 Turbo, neno lilisema kweli, kwa kuwa chombo kilikuwamo. Mwaka 2015 hata 911 za kawaida, ziitwazo Carrera, zilitiwa turbo, lakini hazikupewa jina hilo. Kisha mwaka 2019 ikatoka Taycan, motokaa ya betri, isiyo na injini ya mafuta wala moshi, na zile zenye nguvu zaidi zikaitwa Turbo! Mwenye nacho kanyimwa jina, asiye nacho kapambwa nalo. Je, pasipo moshi turbo itazungushwa na nini? Hii ni sawa na kumwita nahodha mtu ambaye hajapata kukanyaga chombo.

Watatokea watetezi. Wa kwanza atasema, "Jina la kale ni heshima ya ukoo. Je, mjukuu hapewi jina la babu?" Naam, hupewa, na ni desturi njema. Lakini sisi tunapompa mjukuu jina la babu, humfuatishia jina la babaye ili wasichanganywe, wala mjukuu hadai kwamba ng'ombe wa babu aliwachunga yeye. Mtetezi wa pili atasema, "Turbo siku hizi maana yake ni bora kupita zote." Nani aliyeibadili maana hiyo? Ni muuzaji. Basi ikiwa muuzaji ana ruhusa ya kuligeuza neno apendavyo, kesho ataigeuza kilo, na keshokutwa lita, nasi tutashukuru kwa kupunjwa.

Wala asiniambie mtu kwamba biashara haiwezekani bila hila hizo. Datsun 240Z, motokaa ya spoti ya Kijapani, ilishinda Safari Rally mwaka 1971, ikashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Nambari 240 ilikuwa na maana: injini ya lita 2.4. Injini ilipokua jina nalo lilikua: 260Z, 280Z, hata tukafika Nissan 350Z ya lita 3.5 na 370Z ya lita 3.7. Mwaka 2022 ilipotoka mpya yenye injini ndogo zaidi, ya lita 3, ikisaidiwa na turbo mbili, nambari iliondolewa ikaitwa Z tu. Afadhali jina linyamazalo kuliko jina lidanganyalo.

Huenda ukaniuliza, "Yanihusu nini, mimi nisiye na hata baiskeli?" Yanakuhusu. Motokaa nyingi ziingiazo Kenya hutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, na huenda siku moja utanunua moja. Ukienda dukani kutafuta vipuri, ukataja jina tu, huenda ukarudi nyumbani na kifaa kisichoingia. Fundi hodari haridhiki na jina. Hukuuliza mwaka, injini na nambari ya chesisi. Amekwisha kujifunza, pengine kwa hasara, kwamba jina moja lina matumbo mengi.

Katika Safari Rally ya mwaka 1978, Peugeot 504 ilishika nafasi ya kwanza, na Porsche 911 ikafuata ya pili. Kampuni mbili zilizogombania sifuri zilikutana katika tope letu, na tope halikuuliza nani anaitwaje. Liliuliza uimara wa chuma na ustadi wa dereva. Nawe, kijana, uulize kama tope. Ukionyeshwa jina, ulizia kizazi. Ukionyeshwa kizazi, ufunue boneti. Jina halipandi mlima. Injini ndiyo ipandayo.