Megabiti za Kushuka Tumeziona, za Kupanda Ziko Wapi?

Kama unaishi Meru au Embu na umewahi kutafuta intaneti ya nyumbani, mabango unayajua. Mbps 10, Mbps 20, Mbps 30, bei chini yake, kisha nambari ya simu. Kasi inayotajwa ni moja tu, nayo ni ya kupakua, yaani vitu vinavyokuja kwako. Ile ya kupakia, yaani vitu vinavyotoka kwako kwenda kwa wengine, huioni popote. Utaijua siku umeshalipa, fundi ameshakwenda zake, na wewe una kazi ya kutuma.

Mimi ni mwandishi wa programu na kazi yangu naifanyia nyumbani. Laini yangu ya kwanza huku Meru ilikuwa ya redio, kutoka kampuni moja ambayo sitaitaja. Kupakua sikuwa na ugomvi nako, filamu zilicheza bila kukwama. Kupakia hakukuvuka Mbps 1.5. Nilipopiga simu kuuliza, kijana wa huduma kwa wateja alinijibu kwa heshima kabisa: "Kwani bosi, wewe unatuma nini hivyo?"

Sina neno na yule kijana. Lakini swali lake limebeba imani ambayo naiona katika biashara nzima ya intaneti: kwamba mtu aliye nyumbani, tena mbali na Nairobi, kazi yake ni kupokea. Atazame, asikilize, asome. Kutengeneza kitu na kukipeleka duniani ni kazi ya watu wengine, mahali pengine. Mimi hiyo imani naipinga.

Tupige hesabu kidogo. Biti 8 ndizo baiti 1, kwa hiyo video ya GB 2 ni kama megabiti 16,000. Kwa Mbps 1.5 itachukua karibu saa 3 kupanda, kama stima haitapotea katikati. Kwa Mbps 20 ni dakika 13 na ushee. Ndani ya hizo saa 3 unaweza kupanda matatu Meru, ukapita Chuka na Runyenjes, ukashuka Embu, na faili bado inapanda. Tena ukimpa dereva flashi ya GB 64 iliyojaa, kwa saa hizo 3 matatu imesafirisha data kwa wastani wa Mbps 47. Si mzaha, gawanya mwenyewe. Nawajua wapiga picha wa harusi ambao hutuma flashi kwa matatu hadi leo, na huwezi kuwaita washamba. Hesabu iko upande wao.

Sasa, kwa nini iko hivi? Sababu ni zaidi ya moja, na ni vizuri kuzitenganisha, kwa sababu nyingine ni za kweli na nyingine ni mazoea tu.

Tuanze na historia. Wale wa zamani mnakumbuka modemu za simu zile za kupiga kelele. Kiwango cha V.90 cha 1998 kilikuwa kbps 56 kushuka na 33.6 kupanda. Ilikuwa pole kama kobe, lakini angalia mgawanyo: kupanda ilikuwa asilimia 60 ya kushuka. Ikaja ADSL kwenye waya wa shaba, na herufi A ya mwanzo inasema wazi kwamba pande mbili hazilingani: kama Mbps 8 kushuka kwa 1 kupanda. Mhandisi Joseph Lechleider wa Bellcore, Marekani, ndiye aliyependekeza mgawanyo huo miaka ya 1980 mwishoni. Alikuwa na sababu. Nyaya za shaba zilizofungwa pamoja huingiliana mawimbi, na kupunguza kasi ya upande mmoja kulipunguza mwingiliano huo. Isitoshe, walichokuwa wanakiwazia kupeleka majumbani ni video za kutazama.

Redio nayo ina sababu yake. Mnara hutuma kwa makumi ya wati. Simu yako, au kile kisanduku cha 4G au 5G kilicho dirishani, hutuma kwa takriban moja ya tano ya wati. Mnara unasikika kwako vizuri, wewe unasikika kwa mnara kwa shida, hasa kama kati yenu kuna mlima. Na huku kwetu milima ndiyo mali yetu: Nyambene upande mmoja, miteremko ya Mlima Kenya upande mwingine. Halafu 5G ya masafa ya kati hutumia masafa yale yale kwa kwenda na kurudi, ikigawanya muda, na kwa kawaida sehemu kubwa ya muda hupewa kushuka. Starlink, iliyoanza kuuza Kenya Julai 2023, imewaokoa watu wengi walio mbali na nguzo za faiba, lakini nayo kasi yake ya kupanda ni sehemu ndogo ya ile ya kushuka. Fizikia huwezi kuibishia.

Lakini faiba? Hapo sikubali. Teknolojia inayotumika sana majumbani, GPON, ilipangwa 2003 ikiwa na Gbps 2.5 kushuka na 1.25 kupanda kwa kila tawi. Tawi moja likigawiwa nyumba 32, na zote zipakie kwa wakati mmoja, jambo ambalo halitokei, kila nyumba bado inapata karibu Mbps 39 za kupanda. Na zile laini kubwa ambazo mtoa huduma hununua kwenda Nairobi na nje kwa kawaida zina uwezo sawa pande zote mbili. Kwa kuwa wateja wengi wanatazama kuliko kutuma, upande wa kupanda mara nyingi umekaa hauna kazi. Ukiona faiba inakupa kidogo kupanda, ujue kuna mtu ameamua. Kasi ya kifurushi imeandikwa kwenye mitambo ya mtoa huduma, haiko kwenye waya. Septemba 2024 Safaricom ilipandisha vifurushi vyake vya faiba ya nyumbani, Mbps 10 ikawa 15, 20 ikawa 30, 40 ikawa 80. Ni uamuzi wa biashara, na uamuzi wa biashara unaweza kubadilishwa.

Kuna mtu atasema: mimi sipakii chochote, hayanihusu. Yanakuhusu. Kila unapopakua, kompyuta yako inarudisha risiti ndogo ndogo kumwambia mtumaji kwamba mzigo umefika, alete mwingine. Hizo risiti zinapita njia ya kupanda. Simu ya mtoto ikianza kuhifadhi picha zake mtandaoni, au kamera 4 za ulinzi zikianza kutuma Mbps 2 kila moja, njia inajaa, risiti zinakaa foleni, na ile Mbps 20 yako ya kushuka inaanza kukwama. Watu wanalaumu "mtandao" kumbe ni mlango wa nyuma umezibwa.

Nani anaumia zaidi? Mwalimu wa shule ya msingi kule Igembe anayepakia alama za tathmini za wanafunzi kwenye tovuti ya KNEC, akiwa na tarehe ya mwisho. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu au wa MUST pale Nchiru anayefanyiwa usaili kwa video, sura yake inaganda, sauti inakatika, na mwajiri anadhani kijana hajui kujieleza. Mhariri wa video aliye Kangaru. Mwandishi wa programu anayetuma kazi kwenye seva: furushi la MB 900 kwa Mbps 2 ni saa nzima, na ukikosea herufi moja unarudia. Serikali imekuwa ikiwaambia vijana tangu Ajira Digital ianze 2016 kwamba kazi ziko mtandaoni, wasikimbilie mjini. Vizuri. Lakini kazi ya mtandaoni ni ile unayoipeleka. Kama nyumbani huwezi kuipeleka, utahamia Kasarani ukalipe kodi ya nyumba kwa sababu ya megabiti. Nimeona vijana kadhaa wakienda hivyo.

Watoa huduma wana utetezi wao, na niusikilize kwa haki. Wanasema wateja wengi wanapakua kuliko kupakia, na ni kweli. Wale wadogo wa mitaani, wenye antena juu ya paa na hotspoti ya shilingi kumi, hawana mtaji wa kuvuta faiba kila mahali, na bila wao mitaa mingi ingekuwa giza. Pia kweli. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayoeleza kwa nini nambari ya pili imefichwa. Ukiniuzia Mbps 1.5 za kupanda, niambie ni Mbps 1.5. Nitaamua mwenyewe.

Wala siombi hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya huduma ya ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua. Kasi ya kupakia ni habari ya aina hiyo. Wamarekani, kupitia FCC, walikuwa wakitaja nambari mbili tangu 2015, Mbps 25 kushuka na 3 kupanda, na Machi 2024 wakapandisha hadi 100 na 20. Mkakati wetu wa kitaifa wa intaneti ya kasi wa 2018 hadi 2023 uliweka kiwango cha chini cha Mbps 2 kwa kila mtumiaji. Mkakati unaofuata uje na nambari mbili, na Mamlaka ya Mawasiliano iwalazimishe watoa huduma kuziandika zote mbili kwenye tangazo, kwa herufi za ukubwa sawa.

Tukisubiri hayo, fanya haya:

1. Kabla ya kulipa, uliza kasi ya kupakia, na uombe jibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

2. Pima kwa waya, si kwa wifi. Pima asubuhi, kisha saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Hifadhi picha za matokeo. Ukilalamika ukiwa na vipimo vya wiki mbili, hutaambiwa uzime ruta uiwashe tena.

3. Kama ruta yako inakubali OpenWrt, au ni MikroTik yenye RouterOS 7, washa upangaji wa foleni wa CAKE au fq_codel, na uweke kikomo cha kupakia kwenye asilimia 85 hadi 90 ya ulichopima. Kasi haitaongezeka, lakini simu ya video haitakufa eti kwa sababu mtu anatuma picha.

4. Kazi za kupakia mafaili makubwa na nakala za picha, zipange ziende saa nane usiku. Tumia programu inayoendelea ilipoachia, kwa mfano rsync yenye chaguo la kuendeleza, stima ikipotea usianze upya.

Hizo ni njia za kuishi na shida, hazimalizi shida. Itakayoisha ni siku ambayo wateja wengi watakuwa wanauliza swali lile lile dukani. Kwa hiyo ukienda kununua laini wiki hii, iwe Nkubu, Maua, Siakago au Embu mjini, mwache muuzaji amalize kutaja Mbps zake zote, kisha umuulize: na kupanda?