Fomula iliyokuja baada ya kipimo

Manahodha wa visiwa vya Wabajuni, Koyama, Chovai na Chula, hawahitaji kufundishwa maana ya utabiri. Mwambao wa Waswahili umerithi hesabu ya mwaka wa jua: siku 365 kuanzia Siku ya Mwaka, zimepangwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ili baharia ajue kusi inakaribia lini na kaskazi lini. Hesabu hiyo ina dosari. Haina mwaka mrefu, hivyo kila karne huachana na jua kwa siku 24 hivi. Lakini dosari imejulikana kwa sababu hesabu husema kwanza, upepo ukaja kuhukumu baadaye.

Wanaobuni fomula za tungamo za chembe ndogo kuliko atomu wengi wao hupita njia ya kinyume: kipimo kikishatoka, ndipo wanapoitafutia namba asili yake.

Swali lao si la kipuuzi. Nadharia kuu ya fizikia haielezi kwa nini tungamo ya muoni, chembe ya jamii moja na elektroni, ni kama mara 207 ya ile ya elektroni. Namba hiyo hupimwa maabara, basi. Pengo hilo limewavuta wastaafu wenye madaftari, na hata mabingwa. Mwanafalaki Arthur Eddington, aliyekwenda kisiwa cha Príncipe mwaka 1919 kupiga picha za kupatwa kwa jua, alikuja kudai kwamba tungamo za protoni na elektroni zinatoka kwenye mlinganyo mmoja wenye namba 10, 136 na 1. Ukiutatua, unapata uwiano wa 1847.6. Kipimo cha leo ni 1836.15.

Mwaka 1951 Friedrich Lenz alichapisha katika jarida la Physical Review makala ya sentensi chache tu: uwiano huo unalingana na pai ikizidishwa kwa yenyewe mara tano, kisha mara sita. Msomaji ashike simu, aandike 3.14159265 mara tano na alama ya kuzidisha kati yake, halafu azidishe kwa 6. Itatoka 1836.118. Inasisimua kweli! Ila vipimo viliendelea kunolewa, na pengo la 0.035 sasa ni kubwa mno kuliko kosa la vipimo. Tena protoni si chembe ya msingi. Karibu tungamo yake yote hutokana na nishati ya kani inayofunga kwaki, chembe zinazoiunda, ndani yake. Duara la pai linaingilia wapi hapo? Atakayejaribu fomula laki moja asishangae moja ikigonga kwa usahihi wa moja katika laki.

Linganisha na mwanafizikia Murray Gell-Mann. Mwaka 1962 alitaja chembe ambayo hakuna aliyekuwa ameiona, akataja na tungamo yake. Mwaka 1964 maabara ya Brookhaven, Marekani, ikaipata palepale alipoelekeza. Huo ndio utabiri, na mwenye fomula mpya adaiwe huohuo kabla ya kupewa ukurasa gazetini.

Kuna mmoja, hata hivyo, asiyestahili kuchekwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Yoshio Koide wa Japani aliona kwamba tungamo za elektroni, muoni na tau, chembe ya tatu ya jamii hiyo, zikijumlishwa na kugawanywa kwa mraba wa jumla ya vipeuo vyake vya pili, hutoa theluthi mbili. Kwa vipimo vya wakati ule fomula haikukaa sawa: tungamo ya tau ilidhaniwa kuwa 1784 kwa kizio cha MeV, ilhali fomula yake ilitaka 1777. Mwaka 1992 wapimaji wa Beijing wakaikuta karibu na 1777. Mwaka 2023 jaribio la Belle II, Japani, likatoa 1777.09, na fomula inataka 1776.97, tofauti hiyo bado imo ndani ya kosa la kipimo. Zaidi ya miaka arobaini imepita, na hakuna aliyetoa sababu inayokubalika ya theluthi mbili hiyo.