Hesabu na Spana



Leo tunasema nanyi juu ya masomo ya mashini kwenye universite. Mwingine atauliza: "Mambo ya wenye diploma yanatuhusu nini sisi watu wa kampi?" Yanatuhusu sana.

Tazameni Kipushi. Shimo lile linashuka zaidi ya meta 1,000, na maji yanaingia usiku na mchana. Kazi ya kuchimba ilisimama mwaka 1993, lakini pampu hazikuweza kusimama. Mwaka 2011 zikaharibika, maji yakapanda shimoni, na kuyatoa kulichukua miaka. Mali ilianza kutoka tena mwaka 2024 tu.

Nani anajua sababu pampu inakufa? Fundi anajua kwa sikio: leo mlio umebadilika. Injenieri anajua kwa hesabu: maji yakivutwa kwa nguvu kupita kiasi yanatoa mapovu ya mvuke, na mapovu yale yakipasuka yanakula chuma ndani ya pampu. Sikio peke yake linasikia ugonjwa, halijui dawa. Hesabu peke yake inafika wakati chuma kimekwisha kuliwa.

Wakati wa Wabelgiji vitu hivi viwili vilitengwa. Mwana-inchi alipewa spana, mzungu akashika hesabu. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Universite ilifunguliwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Miaka 50! Basi tulipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo waliomaliza universite hawakufika hata 30.

Leo watoto wetu wanasoma nguvu ya joto, ugumu wa vyuma, mwendo wa maji, na kuchora mashini. Tunafurahi. Lakini kijana akichora pampu ubaoni miaka mitano bila kufungua hata moja, tumegeuza tu kosa la mkoloni. Yeye alitupa spana akaficha hesabu. Sisi tusimpe mtoto hesabu tukamnyima spana.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kwanza, kila kompani inayochimba shaba na kobalti katika inchi yetu sherti ifungulie wanafunzi atelie zake kila mwaka, kwa kazi ya kweli, si kwa kufagia. Pili, fundi mzee aitwe universite kufundisha, tena alipwe, kwa maana akili yake isizikwe pamoja naye. Tatu, fundi kijana ambaye hakuwa na feza ya masomo apate masomo ya jioni, mpaka diploma ile ile.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi na mikono yenye mafuta, msimcheke.

Ndugu, mwenye kumwita mgeni kila mara pampu inaposimama, bado hajawa bwana wa nyumba yake.