Vedeti Wetu Apewe Mwenzi Gani?



Tangu tuliposhindwa Jumamosi ile, kwenye mabweni na mezani kuna paka habari moja: nani atacheza kando ya vedeti wetu wa basketi. Jina lake siandiki, kila mtu anamjua. Pointi za ekipe yetu, zaidi ya nusu ni zake. Wengi wanasema: "Batie ule mupya wa darasa la tano, naye anajua kutupa. Wawili benye kutupa, kitunga itajaa!" Mimi kapita wenu nasema hapana. Msinikasirikie mbele ya kusoma mpaka mwisho.

Tuangalie Marekani, kwa Allen Iverson. Kwa mchezo ule alikuwa mfupi, metre 1,83 tu, lakini kumshika ilikuwa kazi. Mwaka 1996 aliingia ekipe ya Philadelphia, akamkuta Jerry Stackhouse, naye mtupaji hodari. Watu wakafurahi: wawili! Lakini mpira ulikuwa mmoja. Msimu ule walishinda mechi 22 katika 82. Desemba 1997 Stackhouse akapelekwa Detroit. Kiisha wakajaribu kijana mwingine wa kutupa, Larry Hughes. Naye akaondoka mwaka 2000.

Februari 2001 wakubwa wa ekipe wakabadili mawazo. Walitoa wachezaji kadhaa, Theo Ratliff na Toni Kukoč ndani yao, ili wampate Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, metre 2,18. Huyu hakuletwa kutupa. Aliletwa kusimama chini ya kitunga, kupiga mipira ya adui irudi ilikotoka, na kukamata ile inayoruka kwenye ubao. Yaani kazi zote ambazo Iverson kwa urefu wake hakuziweza. Sasa Iverson akapata uhuru: aliweza kukimbilia mpira wa adui na kujaribu kuunyang'anya, maana akikosa, nyuma yake kulikuwa ukuta. Mwaka ule Iverson aliitwa mchezaji bora wa NBA, na Mutombo mlinzi bora, mara yake ya nne. Katika mechi ya saba na Milwaukee, ile ya kufungua mlango wa fainali, Iverson alitia pointi 44. Mutombo alitia 23, akakamata mipira 19, akazuia mitupo saba. Yeye ambaye hatukumhesabu katika watupaji!

(Wengi wetu tunajua paka kile kidole chake cha kukataza. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Kinshasa ameacha hospitali yenye jina la mama yake. Wadogo, ulizeni wakubwa wawaeleze.)

Rafiki mmoja wa darasani alinijibu: "Kapita, lakini kwenye fainali balishindwa!" Ni kweli. Walishinda mechi ya kwanza kule Los Angeles, 107 kwa 101, Iverson pointi 48, kiisha wakapoteza nne zilizofuata. Na Lakers walikuwa na vedeti wawili wenye kutia, Shaquille O'Neal na Kobe Bryant. Lakini angalieni vizuri: Shaq alikula chini ya kitunga, Kobe alikula mbali. Sahani mbili. Na hata hivyo waligombana, mpaka mwaka 2004 Shaq akaondoka.

Iverson mwenyewe njo alitupatia jibu tena. Desemba 2006 alienda Denver, kando ya Carmelo Anthony, mtupaji mkubwa. Msimu wa 2007-08 kila mmoja wao alipita pointi 25 kwa mechi. Matunda yake? Mwaka 2007 San Antonio waliwatoa mwanzoni tu mwa mechi za mtoano. Mwaka 2008 Lakers wakawatoa vilevile, nao hawakushinda hata mechi moja.

Musa naye, aliposema ulimi wake ni mzito, hakupewa mtu mwingine wa fimbo. Alipewa Haruni, mwenye kusema.

Kuna wanaosema vedeti si kitu, wananitajia Mazembe: mwaka 2010 Trésor Mputu alifungiwa na FIFA, na bila yeye wakapiga Internacional ya Brazil 2-0, wakafika fainali ya klabu za dunia. Sawa. Lakini wale walikuwa na Kidiaba golini na Kaluyituka mbele. Sisi tuko tisa, tena viatu ni vya kuazimana.

Basi, turudi kwenye kiwanja chetu. Jumamosi nilikaa na kalamu. Mi-tan ya pili watupaji wetu wawili walitupa kwa zamu, kama watu wanaoshindana wao kwa wao. Kila walipokosa, adui njo alikamata mpira. Nilihesabu mara 17. Tulipoteza kwa pointi tano.

Na wakati ule kwenye benchi alikaa yule mrefu wa darasa la nne, mnayemwita "Poto". Nakiri, mimi pia nilicheka siku ile alipotupa mpira ukapita juu ya ubao. Ni kweli hajui kutupa. Basketi ameianza mwaka huu tu. Lakini kwenye mazoezi ya jioni hakuna mpira unaorudi ambao mkono wake haufiki, na akiukamata, kwanza anamtafuta vedeti kwa macho. Juzi aliniambia anataka kuacha, juu ya kelele zenu za kando ya mstari. Si juu ya kushindwa.

Bwana Mwalimu wa michezo, tunajua utachagua Alhamisi. Ninakuomba umtie yeye kuanzia dakika ya kwanza, si wakati tumekwisha kupotea.

Na ninyi wenzangu: mguu wake ni namba 46, na viatu vyake vimepasuka vyote viwili. Mwenye kuwa na jozi, hata ya kaka yake, aniletee kabla ya Alhamisi saa kumi.

Kapita wenu